Viti vya kuchukua kwa Swan Lake ya kwanza, Covent Garden

Swali: Nakaa Leicester. Nataka kuwapeleka London mama yangu, mwenye miaka 67 na magoti yanayomsumbua, na binti yangu wa miaka 8, tukatazame baleti ya Swan Lake pale Royal Opera House, Covent Garden. Sote watatu hatujawahi kuona baleti ukumbini. Nimefungua ramani ya viti nikachanganyikiwa: kuna viti vya mbele kabisa, kuna vya pembeni karibu na jukwaa kwa bei nafuu, kuna vya juu kabisa. Ndugu zangu wananiambia nijibane nichukue safu ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo ya heshima. Ni kweli?

Jibu:

Dada, safu ya kwanza iache. Ndugu zako wana nia njema, na kwenye taarabu wangekuwa sahihi: anayekaa mbele anamwona mwimbaji usoni na anamfikia kumtunza. Baleti haitazamwi hivyo. Kiti cha mbele kabisa kinakupa nyuso na jasho, kinakunyima miguu, na kwa Swan Lake kinakunyima jambo kubwa zaidi, yaani michoro ambayo kundi zima la wachezaji linaichora sakafuni.

Nunua kwa mpangilio huu: kwanza katikati, pili kuinuka, ukaribu uje mwisho. Pesa ikipungua, sogea mbali na jukwaa, lakini usitoke katikati. Wengi hufanya kinyume. Wanaona kiti cha pembeni kilicho mita chache kutoka jukwaani, bei yake nusu ya kile cha katikati, wanadhani wameokota. Wakifika wanatazama robo tatu ya onyesho huku shingo imepinda.

Kwa nini mbele hapafai

Jukwaa limeinuliwa juu ya sakafu ya viti vya chini, na kati ya safu ya kwanza na jukwaa kuna shimo la okestra. Ukikaa safu mbili tatu za mwanzo, macho yako yanakuwa karibu usawa mmoja na sakafu ya jukwaa, tena zaidi ukiwa mfupi. Mchezaji akiwa ukingoni unamwona mzima. Akirudi nyuma hatua kumi, ukingo unaanza kumla miguu. Swan Lake ni hadithi ya Odette, binti aliyegeuzwa bata maji na mchawi, na kundi la wachezaji ndio bata maji wenzake. Sasa wafikirie wale bata maji wanne wadogo wa sehemu ya pili kati ya nne: wameshikana mikono kwa kupishanisha, vichwa vinageuka kwa pamoja, na kazi yenyewe yote iko chini ya goti. Usipoziona nyayo zao, umeona wasichana wanne wanaosogea upande upande, basi.

Kisha kuna mpangilio wa kundi. Mkeka ukitandikwa hatua kadhaa mbele yako nawe umekaa chini, unauona ukingo wake tu. Ukisimama ndipo nakshi za ukindu zinajitokeza. Jukwaa la baleti nalo linataka jicho lililo juu yake. Sehemu za ziwani, ya pili na ya nne, zilitungwa na Lev Ivanov, mtunzi wa hatua za baleti, kwa toleo la St Petersburg la mwaka 1895, ambalo ndilo msingi wa karibu matoleo yote ya leo. Mtunzi mwenzake, Marius Petipa, alitunga ya kwanza na ya tatu. Ivanov aliwaingiza bata maji mmoja mmoja, kwa mstari unaokwenda upande huu na kurudi upande ule mpaka jukwaa linajaa. Kisha wanajipanga safu, wanajikunja kuwa duara, wanaachia njia katikati ili Odette apite. Makundi makubwa huweka bata maji 24 hivi. Kwa aliye safu ya kwanza, wachezaji wa mbele wanawaziba wote walio nyuma, na 24 wanageuka ukuta mmoja mweupe.

Ongeza na hili: ukiwa mbele katikati kabisa, kichwa na mikono ya kiongozi wa okestra vinaweza kuwa njiani.

Hata hivyo viti vya mbele vina wenyewe. Anayeijua kazi hii kwa moyo, aliyeiona mara nyingi kutoka juu, anaweza kutaka kusikia ncha za viatu zikigonga sakafu na kuona jinsi mchezaji anavyovuta pumzi kabla ya kuruka. Huyo anajua anachokiacha. Ninyi bado.

Juu mno nako kuna gharama

Mruko unapimwa na jicho kwa kulinganisha mwili na kilicho nyuma yake. Ukiwa chini au usawa wa kati, nyuma ya mchezaji kuna pazia au miti ya mandhari, hivyo akiruka unaona ameiacha ardhi. Ukiwa juu sana, nyuma yake kuna sakafu. Anaruka, na wewe unaona mtu aliyesogea kidogo sakafuni akarudi. Mizunguko nayo hubadilika: sketi ngumu ya bapa inayovaliwa na bata maji inaonekana kama sahani inayozunguka, na miguu iko chini yake imejificha.

Kinachoamua ni pembe ya jicho kushuka jukwaani. Macho yakiwa mita 5 juu ya jukwaa, na katikati ya jukwaa ikiwa mita 20 mbele yako, pembe ni digrii 14 hivi. Yakiwa mita 12 juu na umbali wa mita 28, ni digrii 23. Hizi ni hesabu za mfano, si vipimo vya jumba lolote, ila zinaonyesha uwanja wa kuchezea. Kati ya digrii 10 na 25 unapata vyote viwili, mchoro wa sakafu na urefu wa mruko. Ukipita 30 unaanza kutazama utosi wa watu.

Kwa hiyo ghorofa ya kati, katikati, ndicho kiti bora cha baleti karibu kila jumba duniani, nayo majumba yanalijua hilo. Tazama bei zake. Unachokitafuta wewe ni kiti kinachokaribia hapo kwa pesa ya mtu wa kawaida.

Ubaya wa pembeni

Jumba la sasa la Covent Garden lilifunguliwa mwaka 1858, likichorwa na Edward Middleton Barry, kwa umbo la kiatu cha farasi: viti vya ghorofa vinazunguka kuanzia ubavu mmoja wa jukwaa, vinapita nyuma, mpaka ubavu wa pili. Zama zile matajiri walikuja kuonekana na wenzao vilevile kama walivyokuja kutazama, kwa hiyo kiti kinachotazama kiti cha upande wa pili hakikuwa na kasoro. Ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 1999 uliongeza mengi, lakini umbo hilo lilibaki.

Kanuni yake ni moja, na watu huikosea: ukikaa kushoto, unapoteza kushoto. Upande wa jukwaa ulio karibu nawe ndio unaojificha, na kinachoanza kupotea ni kona ya nyuma ya upande huohuo. Kadiri kiti kinavyokaribia jukwaa ndivyo kipande kinachopotea kinavyokuwa kikubwa.

Kwa mchezo wa kuigiza mtu anaweza kuvumilia, maana sauti inamfikia. Baleti inazitumia kona za nyuma kupita kiasi. Mchezaji mkuu mara nyingi huanzia kona ya nyuma, akaja kwa mshazari mpaka kona ya mbele ya upande wa pili, akiongeza kasi njiani. Aliyekosa kona ile anamwona mtu ametokea hewani katikati ya safari, na kishindo chote kimekwenda. Katika sehemu ya tatu, Odile, binti wa mchawi anayejifanya Odette, anapomlaghai Siegfried, mwana wa mfalme, matoleo mengi humwonyesha Odette kwa nyuma, dirishani, kwa sekunde chache, akipigapiga mikono kama mabawa. Kwa binti yako huo ndio wakati hadithi inapoeleweka, na viti vingi vya ubavuni huukosa. Ile mizunguko 32 maarufu ya Odile haina shida. Huchezwa katikati na kila mtu anaiona.

Tena kwenye viti vya ubavuni tofauti ya safu ni kubwa kuliko unavyofikiri. Aliye safu ya kwanza anaweza kuinamia mbele akapata kidogo. Akiinama, wa safu ya pili amekwisha. Naye akiinama, wa tatu anatazama migongo. Kwa mtoto wa miaka 8 na mama wa magoti, mashindano hayo hayafai kabisa.

Ghorofa za Royal Opera House

Ukumbi unachukua watu zaidi ya 2,200. Majina utakayokutana nayo kwenye ramani, kutoka chini kwenda juu, ni Orchestra Stalls, Stalls Circle, Grand Tier, Balcony na Amphitheatre.

Orchestra Stalls ni sakafu ya chini. Safu za mwanzo tumeshazizungumza. Kuanzia safu ya nane au ya kumi kwenda nyuma mambo yanakuwa mazuri kwa mtu mzima, ila mteremko wa sakafu ni mdogo, na hapo ndipo penye mtego wa mtoto. Akikaa, macho ya mtoto wa miaka 8 yako chini ya yako kwa sentimita 15 hivi. Mbele yake akija bwana mrefu mwenye mabega, binti ametumia pauni zenu kutazama koti. Majumba mengi yana mito ya kuwainua watoto. Uliza ofisi ya tiketi mapema, na ukifika iulizie mara moja kabla hujavua koti, kwa sababu huisha. Juu, karibu na reli, mara nyingi mito hiyo hairuhusiwi kwa sababu za usalama.

Stalls Circle inazunguka sakafu ya chini, imeinuka kidogo. Sehemu yake inayotazama jukwaa kwa mbele, yaani ile ya nyuma kabisa ya kiatu cha farasi, ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Umeinuka kiasi cha kuona mistari, uko chini kiasi cha kuona miruko. Kasoro yake ni dari ya ghorofa ya juu inayokuja mbele: katika safu za nyuma inakata sehemu ya juu ya jukwaa, na sauti ya okestra inafifia kidogo chini yake. Katika baleti hasara hiyo ni ndogo, kwani wachezaji wako chini. Utakosa kilele cha mandhari. Ubavuni mwa ghorofa hiihii ni habari nyingine, na safu za nyuma ubavuni ndizo zenye maonyo mengi ya mtazamo kuzibwa. Nyuma kuna nafasi za kusimama, nafuu sana, za wanafunzi na wenye miguu ya chuma.

Grand Tier katikati ndipo pale pa digrii zetu nzuri, na bei inalia. Balcony katikati ni ghorofa moja juu yake, na kwa macho yangu hakuna tofauti ya kutosha kulipia Grand Tier, isipokuwa mnataka kusherehekea. Balcony ubavuni, kanuni ileile: iache.

Amphitheatre iko juu ya zote, nayo ndiyo iliyowafundisha baleti Waingereza wengi wasio na fedha. Ni kubwa, na mteremko wake ni mkali, kiasi kwamba kichwa cha aliye mbele yako kiko karibu na magoti yako. Kwa mtoto huo ndio uzuri wake: hafichwi nyuma ya mtu. Kutoka hapa michoro ya bata maji inaonekana yote. Nyuso hazionekani vizuri bila darubini, nafasi ya miguu ni finyu, na anayeogopa kimo atashika kiti kwa mikono miwili dakika tano za mwanzo. Chukua katikati, safu za mbele za Amphitheatre lakini si ile ya kwanza kabisa, maana safu ya kwanza ina reli ya usalama, na reli ambayo mtu mzima anaipita kwa macho inaweza kuwa sawasawa na macho ya mtoto. Safu za nyuma kabisa ziko mbali mno kwa mara ya kwanza. Kuna pia viti vya ubavuni huko juu vinavyoitwa Slips, baadhi yake mabenchi. Bei yake inavutia, lakini ndiyo pembeni ya pembeni.

Kwenu ninyi watatu

Kinachoamua ni magoti ya bi mkubwa, na swali lenyewe ni kushuka zaidi kuliko kupanda. Jumba lina lifti hadi kwenye ghorofa za watazamaji, kwa hiyo kufika Amphitheatre si tatizo. Tatizo linaanza mlangoni: kutoka hapo hadi kwenye safu kuna ngazi kali, taa zimepunguzwa, watu wako nyuma yenu. Goti bovu huumia zaidi likishuka.

Kama mama anaweza kushuka ngazi kumi na kitu akishika mkono wako, chukueni Amphitheatre katikati, mpige simu ofisi ya tiketi badala ya kununua mtandaoni, na muulize safu zipi zina ngazi chache kutoka mlangoni. Swali hilo ramani haiwezi kulijibu. Wao wanalijua kwa kichwa. Waambieni ukweli kuhusu magoti, mama asione haya. Kama hawezi, nunueni Stalls Circle inayotazama mbele, hata ikibidi iwe safu ya nyuma chini ya dari. Stalls ya kati nayo ni rahisi kwa mama, lakini hapo mnacheza kamari na kichwa kitakachokaa mbele ya mtoto.

Viti vitatu vipangeni hivi: mama kwenye kiti cha njiani ili anyooshe mguu na asiwape watu kazi ya kusimama, mtoto katikati, wewe ndani. Ikitokea mrefu amekaa mbele ya mtoto, badilishaneni kabla taa hazijazimwa. Kwa ajili ya kiti cha njiani mnaweza kukubali kusogea kando kidogo kutoka mstari wa katikati. Viti vinne au vitano havidhuru, ilimradi jukwaa bado liko mbele yenu na si ubavuni.

Kununua bila kuumia

Bei za Swan Lake hapo zinaanzia chini ya pauni 20 kwa nafasi duni na kupita 150 kwa nzuri. Kabla hujalipa, fungua picha ya mtazamo inayotokea ukibofya kiti, ila uisome kwa akili. Picha imepigwa ukumbi ukiwa mtupu, kamera ikiwa usawa wa macho ya mtu mzima, vichwa havimo. Lenzi pana nayo hulisogeza jukwaa mbali kuliko jicho linavyoliona, kwa hiyo umbali usikutishe. Angalia jambo moja: je, kona mbili za nyuma za jukwaa zinaonekana? Zikionekana zote, kiti ni salama.

Kisha tafuta mipaka ya rangi za bei kwenye ramani ya viti. Ukumbi umegawanywa kwa bei, na mpaka lazima upite mahali fulani. Viti viwili vilivyogusana, kimoja pauni 30 zaidi ya kingine, havitofautiani mtazamo kwa pauni 30. Chukua cha upande wa nafuu wa mpaka. Lakini kiti kimoja kikiwa nafuu peke yake katikati ya vyenye bei kubwa, hiyo si bahati. Kuna reli, ukingo au taa mbele yake. Soma maelezo yake.

Tiketi za Swan Lake huisha haraka kuliko za karibu kazi yoyote, kwa hiyo siku ya mauzo kufunguliwa uwe kwenye mtandao saa ileile. Kila Ijumaa saa 7 mchana jumba hutoa tiketi kiasi kwa ajili ya maonyesho ya siku zinazofuata, mpango unaoitwa Friday Rush. Ni mzuri kwa mtu mmoja asiyechagua. Kwa watu watatu wanaotaka kukaa pamoja na mmoja ana magoti, usiutegemee.

Chagueni onyesho la mchana. Swan Lake pamoja na mapumziko hukaribia saa tatu nzima. La jioni likianza saa 1 na nusu usiku, mtatoka baada ya saa 4, mtoto amelala begani na treni ya Leicester inawasubiri.

Siku yenyewe

Kutoka St Pancras, mnaposhukia treni ya Leicester, Covent Garden ni kituo cha tatu kwa treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly. Kituo hicho kina lifti na kina ngazi za kuzunguka 193. Foleni ya lifti ikiwa ndefu msimruhusu mama ashawishike kupanda ngazi hizo. Kama anatembea vizuri mahali tambarare, shukeni kituo kimoja kabla, Holborn, penye ngazi za umeme, kisha mtembee dakika kumi hivi. Fikeni nusu saa kabla. Wakishafunga milango, aliyechelewa hasubiri dakika mbili. Anaweza kukaa nje mpaka mapumziko, akitazama kwenye skrini.

Makoti acheni yanapohifadhiwa, hasa mkiwa Amphitheatre, maana koti la baridi mapajani linamaliza nafasi yote ya miguu. Hakuna sheria ya mavazi. Kitenge, buibui, suruali ya jinzi, vyote vinapita. Ombi moja tu: vilemba vifungeni vya chini, na nywele za binti zisikusanywe juu, kwa ajili ya walio nyuma.

Na mkikaa popote juu, egemeeni kiti kwa migongo. Ukiinamia mbele kwenye mteremko mkali, kichwa chako kinaingia katikati ya jukwaa la aliye nyuma yako, na kwa kawaida ndicho kinachozusha ugomvi Amphitheatre.

Darubini: leteni moja, ila isiwe ile ya kutazamia wanyama mbugani. Ya kukuza mara 8, yenye uwanja wa digrii 7, ukiwa mita 30 kutoka jukwaani inakuonyesha upana wa chini ya mita 4. Mchezaji akikimbia unampoteza na unaanza kumtafuta gizani. Ya mara 4 hadi mara 6 inatosha. Jaribuni nyumbani kama inajikunja kutosha macho ya mtoto, kwani nyingi zimetengenezwa kwa uso wa mtu mzima na mtoto anaona duara moja na giza. Itumieni Odette na Siegfried wanapocheza peke yao, na mara Odile anapoingia. Bata maji wote wakiwa jukwaani, iwekeni chini.

Mkikosa tiketi hapo

London Coliseum ya mwaka 1904 ni kubwa zaidi kidogo. Huko tafuteni katikati ya Dress Circle au mbele ya Upper Circle, na Balcony yake iwe ya mwisho kwa sababu ni juu kwelikweli. Sadler's Wells, jengo la mwaka 1998, viti vyake vinatazama jukwaa kwa mbele kuliko majumba ya kale, hivyo ni vigumu kukosea sana. Tahadhari mkiona Swan Lake ya Royal Albert Hall: toleo la Derek Deane kwa English National Ballet, lililoanza mwaka 1997, huchezwa katikati ya ukumbi huku watu wamezunguka pande zote, na bata maji 60. Pale hakuna mbele wala nyuma, na ushauri wangu wote wa katikati haufanyi kazi. Kinachobaki ni kuinuka tu.

Wasomaji walioko Muscat wana Royal Opera House yao tangu mwaka 2011, yenye viti 1,100 hivi na makundi makubwa ya baleti yanayoalikwa. Kwa udogo wake hata ghorofa ya juu si mbali, na kanuni ya katikati inabaki palepale, ila huko mavazi ni rasmi na wanasimamia: wanaume kanzu na kilemba, au suti. Nairobi, Dance Centre Kenya huonyesha The Nutcracker Kenya National Theatre msimu wa Krismasi. Ukumbi ni mdogo, chukueni katikati, nusu ya nyuma, na mtoto apate kiti cha njiani.

Mkikaa mkagundua kiti kina kasoro ambayo haikutajwa kwenye tiketi, mwone mhudumu wa mlangoni pazia likiwa bado chini, mwonyesheni kiti chenyewe. Viti vitupu akivijua anaweza kuwahamisha. Kama hakuna, mkumbusheni tena mapumziko ya kwanza, kwa sababu wapo wanaoondoka, na kati ya sehemu zilizobaki kuna ziwa la mwisho. Msijihamishe wenyewe gizani. Mwenye kiti akija kuchelewa, mtasimamishwa safu nzima, na magoti ya mama ndiyo yatakayolipa.